Barua ya Kinuer

Mwaka wa 1999, Mwalimu alirudi kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Lodwar na barua za wanafunzi wa Norwei, zilizofika kwa kompyuta na kuchapishwa. Darasa lilikuwa limewatumia picha, nao wakaziweka kwenye mtandao.

Nyadak, mmoja wa wanafunzi wake, alipata mbili. Ya kwanza ilisimulia theluji, akacheka.

Ya pili ilikuwa ya Kinuer, lugha ya kwao Sudan. "Nimekutambua kwa kovu la juu ya jicho. Mama yako alikutorosha, lakini nilishakutolea ng'ombe. Wewe ni mke wangu."

Jasho la kidole gumba likalowesha wino, maneno yakaanza kuvujiana.

"Mwalimu, nani ameandika hii?"

"Si mjomba wako? Mimi aliniandikia Kiingereza. Mtu mzuri sana. Aliuliza mnakaa upande gani wa kambi."

"Ukamwambia?"

"Mwezi uliopita. Na leo tumetoka naye Lodwar, gari moja." Mwalimu alitabasamu. "Nimemwacha pale kwenu, anaongea na mama."

Nyadak alitazama barabara ya kwenda kwa polisi. Ilikuwa mbali mno. Akavua ndara zake, akakimbia kuelekea nyumbani, akipiga kelele kuwaita majirani.