Sentensi Moja Kwenye Wasifu wa Tunu

Siku hizi wasifu wa mtoto mwigizaji hausomwi tu. Mtoto anakalishwa kwenye kiti pale studio, na kila ulichomwandikia kinaingia kichwani mwake kama jambo lililompata kweli. Hakifutiki mpaka afikishe miaka kumi na minane.

Binti yangu Sikudhani alinipa kazi ya kumwandikia mwanawe Tunu, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa maneno nyumbani. "Lakini Baba, andika ya kweli," alinionya. "Chumvi zako wapelekee wenzako wa bao."

Nikaandika ya kweli: miaka saba, anaimba kaswida, ana mapengo mawili ya mbele. Nikausoma wasifu, nikauona umepoa kama chai ya jana. Studio walitaka mtoto anayelia haraka. Basi nikaongeza sentensi moja, kwamba mama yake alifariki Tunu akiwa na miaka minne. Nilicheka peke yangu.

Juzi akakalishwa. Alilia mpaka mwongozaji akafuta macho, na nafasi akaipata. Nikamrudisha amelala begani mwangu.

Jana asubuhi Sikudhani alikuwa akimsuka barazani. Tunu akasema kwa adabu, "Shangazi, una mkono mwepesi kama wa mama. Ulimjua?"

Kitana kikasimama. Sikudhani akanigeukia, akasubiri. Nikainamia kikombe changu.

"Nilimjua," alimjibu mwanawe, akaendelea kusuka.