Vibao vya Jumapili

Jumapili asubuhi Loretta Purvis alihesabu vibao kumi na vinne vya NYUMBA INAUZWA kwenye nyasi zake, na hakukuwa na mtu anayeuza nyumba.

Aling'oa cha kwanza kwa hasira. Ndivyo walivyo watu wa Tolliver: timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kurusha mpira kwa mikono, ikifungwa, mashabiki wanaiba vibao mitaa mingine na kuja kuvichomeka mbele ya nyumba ya kocha, aelewe somo.

"Waache, mke wangu," alisema Harlan, kocha mwenyewe, mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. "Vijana wanacheza tu."

"Wanachezea nyumba yangu."

Harlan alikuwa amefundisha timu za vyuo tisa, na Loretta amehamishwa naye kila mara kama kabati. Kila nyumba alipanda mti wa pichi. Pichi huchukua miaka mitatu kuzaa, na yeye hajawahi kuonja hata tunda moja la mkono wake. Huu wa Tolliver ungezaa kiangazi kijacho.

"Hapa hang'oki mtu," aliuambia kila akiumwagilia maji.

Ilibaki mechi moja, dhidi ya mahasimu wao Calloway, ambao mwaka mzima hawajashindwa. Mkuu wa chuo alishasema: wakifungwa tena, kocha afungashe.

Wiki hiyo Loretta ndiye aliyekuwa kocha. Alimlisha Harlan kuku wa kukaanga, akamlaza mapema, akamkataza hata kushika ufagio. Kanisani aliomba kwa sauti mpaka mchungaji akapoteza mstari.

Jumamosi, sekunde za mwisho, mpira ulirushwa mbali, kijana mmoja wa Tolliver akaudaka akianguka chali ng'ambo ya mstari wa goli. Tolliver ikashinda. Wachezaji wakammwagia Harlan pipa zima la maji ya barafu, kama ilivyo desturi. Loretta alilia jukwaani mbele za watu wala hakuona haya.

"Nchi nzima imeona," jirani yake, Bibi Opal, alimwambia. "Mumeo sasa ni mtu mkubwa."

"Mkubwa wa hapahapa," Loretta alijibu, akijifuta machozi.

Wakati wa chakula simu ya Harlan iliita mara tatu, na mara zote tatu alitoka kwenda kupokelea nje.

"Watu wa pongezi," alisema, macho kwenye sahani.

Asubuhi nyasi zilikuwa tupu, isipokuwa kibao kimoja kipya. Loretta alicheka peke yake. Kumbe wapo ambao hawajasikia matokeo. Akakishika, akavuta. Hakikutikisika.

"Taratibu, mama, nimekipigilia sasa hivi." Mwanamume mwenye tai alikuwa akirudisha nyundo kwenye gari lake. "Kocha hajakwambia? Kile chuo kikubwa cha Texas kinamtaka aanze kazi Jumatano."

Akautazama mti.

"Na hii pichi, wateja wakiuliza, niwaambie itazaa lini?"