Mwisho wa Nguzo

Fundi picha alipandisha kichwa cha mashine ya kukuzia picha hadi mwisho wa nguzo yake, uso wa marehemu ukajaa meza nzima.

"Mwisho ni hapa, mama."

"Huo ni mwisho wa meza," alisema mama wa marehemu. "Sakafu je?"

"Haitaenea ukutani kwako."

"Ukuta ni wangu."

Mkwe wake, mume wa marehemu, aliyekuwa kwenye benchi nje ya chumba cha giza, alitaka picha ndogo tu ya kuweka juu ya jeneza. Mama alitaka kubwa kuliko zote.

Fundi akageuza kichwa cha mashine kikatazama sakafu, akakandamiza kitako chake kwa matofali isipinduke, kisha akawasha taa. Binti akalala chini, mkubwa kama mlango. Ilikuwa bado negativu: uso mweusi, nywele nyeupe, kila cheusi kimegeuka cheupe.

Mama akapiga magoti. Shingoni, kando ya mtandio, pale ambapo picha ndogo ilionyesha kivuli tu, palikuwa na alama nne nyeupe zilizopangana kama vidole. Ya tano ilikuwa upande wa pili, peke yake, nene.

Akazifunika kwa kiganja. Zikampanda mgongoni mwa mkono.

Mlango ukagongwa. "Mama, ndogo inatosha jamani. Watu wanatusubiri."

Fundi akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," mama alisema bila kuinuka. "Mfungulie aingie."