Kijana wa Utepe Mwekundu

"Meza mate sasa hivi, maana nikifika kwenye koo hutapata nafasi," kinyozi alisema, wembe ukiwa hewani.

Fundi cherehani akameza. Kumkabidhi shingo mtu unayemchukia ni wazimu, lakini jirani yake huyu ndiye kinyozi pekee mtaani, na ndevu hazina adabu, zinaota tu.

Uadui wenyewe ulizaliwa kwenye simu. Kila mmoja alikuwa na timu ya mpira wa kikapu katika mchezo uleule wa simu: unatafuta vijana, unawapima, unawafundisha, unawaombea dua. Fundi alikuwa anashika mkia wa ligi. Akishuka na msimu huu, timu aliyoilea miaka sita inafutwa. Alibakiwa na nafasi moja ya kufundisha, na kijana mmoja tu wa maana, Mrefu, mwenye kipaji 74 kwa mia.

"Niuzie Mrefu."

"Afadhali nimuuze mama mkwe."

"Mama mkwe wako haruki."

"Anawashinda vijana wako. Wale wameota mizizi."

Wembe ukasimama. "Usicheke. Ukicheka nakata, halafu watasema nilikusudia."

Fundi hakuweza kugeuza kichwa, basi akatumbulia macho kioo. Humo kiooni, nyuma yake, kwenye rafu ya taulo, simu ya kinyozi ilikuwa imeegemezwa, inawaka. Maandishi yalikuwa madogo, hayasomeki. Lakini palikuwa na picha ya kijana mwenye utepe mwekundu kichwani, na chini yake namba kubwa ya kijani: 81. Kipaji hicho. Namba ambayo huiona mwenye timu peke yake, na mjinga huyu ameiacha wazi kama kibanda cha sokoni.

"Yule wa utepe mwekundu," fundi alisema polepole, bila kutikisa kidevu. "Bado unaye?"

"Yule simtoi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unamtaka wewe. Bora aozee kwangu."

"Mchukue Mrefu. Kichwa kwa kichwa."

Kinyozi akanuna. Akamtukana fundi, akamtukana Mrefu, akajitukana na mwenyewe kwa kuwa na moyo laini. Mwishowe akafuta mikono, akaichukua simu rafuni. Fundi akatoa yake. Wakabonyeza. Katika mchezo ule, mkishabadilishana hakuna kurudishiana.

Fundi aliinuka povu likiwa bado sikioni, sasa akicheka waziwazi. Alipofika mlangoni akamfungua kijana wake mpya.

Kipaji: 18. Kiooni ilisomeka 81.

Ndani, kinyozi alikuwa ameshachagua picha ya kijana mwingine. Akaisimamisha simu kwenye rafu, skrini ikitazama kioo, akakung'uta taulo, kisha akamwita mteja aliyefuata: fundi umeme, wa pili kutoka mwisho kwenye ligi yao.