Mita Sitini

Nguzo za halmashauri za kulinda vyanzo vya maji zilikuwa na macho ya kuona maji, na zilitembea zenyewe. Yalipochomoza maji mapya popote, zilisogea mita sitini mbele yake, na ardhi iliyobaki nyuma ya nguzo haikuruhusiwa kukanyagwa tena na binadamu.

Naelijwa na mumewe Mbonea walilijua hilo walipoanza kupanda mikuyu kwenye chemchemi iliyokauka. Walipanda miaka ishirini, na maji yakarudi. Nguzo zikameza kwanza migomba yao, kisha kaburi la Mbonea. Siku hizi Naelijwa alimsalimu marehemu kwa kupaza sauti kutoka upande huu, kama anayemwita jirani.

Asubuhi hiyo afisa maji, binti mpole, alimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, miguu juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama. Chanzo chenu ni mfano kwa wilaya nzima."

"Marahaba, mwanangu. Tumshukuru Mungu."

"Nguzo imefika hapo mlangoni. Humu ndani hamna unyevu?"

"Unyevu utoke wapi? Pakavu, kama unavyopaona."

Binti akaaga. Hatua zake zilipopotea, Naelijwa akaukunja mkeka uliolowa, akapiga magoti na kanga yake kuukuu, akaanza kufuta maji safi, ya baridi, aliyomwomba Mungu miaka ishirini. Alipokamua, yalichomoza mengine. Akayafunika kwa viganja, akayabembeleza kama mtoto anayelia wageni wangali mlangoni.

"Nyamaza," alisema huku machozi yakimtoka. "Nyamaza basi."