Chupa ya Kumi na Mbili

Muuguzi Sikitu alikuwa amebandua lebo za chupa kumi na moja za dawa ya watoto, na sasa ameshika ya kumi na mbili. Tarehe iliyochapwa ilionyesha muda wake ulikwisha mwaka jana. Lebo mpya, zenye tarehe ya mbele, alitakiwa aziandike yeye, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wodini mwenye mwandiko mzuri kama wake.

"Bado tu, mwanangu?" Matroni Adelina aliuliza kwa upole, amesimama mlangoni. "Mwenzio aliyekutangulia alikuwa mzito hivi hivi. Sijui siku hizi yuko wapi."

"Namalizia, mama."

Matroni alipoondoka, funguo zikilia kiunoni, Sikitu alichukua lebo tupu akaandika kwa mkono wa kushoto: Dawa hizi zimekwisha muda. Herufi zilipinda, lakini hata mtoto angejua ni zake. Isitoshe, sanduku la maoni alimotaka kuitumbukiza lilifunguliwa kwa funguo zile zile za kiunoni.

Akaikunja lebo, akaificha ndani ya soksi. Wodini mtoto akakohoa. Sikitu akairudisha chupa kabatini na lebo yake ya zamani, akaigeuza mpaka tarehe ikatazama mlango, aingiaye yeyote aione. Zile kumi na moja zisizo na lebo zingengoja kesho.