Pweza wa Mwisho Mwambani

Mwaka ule wa njaa, mafuta ya meli ya vita yaliua chaza na kaa wote kwenye miamba ya Likoni. Katika shimo moja tu, Nyevu alimwona pweza hai.

Pweza hakukimbia. Alikuwa amekumbatia mayai yake meupe, yaliyoning'inia kama punje za mchele.

"Muache aangue, mwanangu," alisema mamamkwe wake. "Ndiyo mbegu iliyobaki."

"Na mjukuu wako atakula nini leo, mama?"



Nyevu alimchoma kwa mchokoo, fimbo yake yenye ncha. Mikono ya pweza ilimshika kifundo cha mkono, ikalegea mmoja mmoja.

Kisha akaurudisha mkono shimoni, akayakwangua na mayai. Mamamkwe akamsogezea pakacha.